Muuguzi mdogo asikike chumba cha upasuaji

Mhariri,

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19 ambavyo timu huvihakiki kabla na baada ya kupasua. Hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo kwa jumla vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini orodha haiokoi mtu ikijazwa kimyakimya na mtu mmoja pembeni.

Muuguzi mdogo huona mapema kwamba gozi (vitambaa vya kufyonzea damu) imepungua kwenye hesabu, au kwamba antibayotiki haikutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kupasua. Hunyamaza kwa sababu mwenzake aliyesema alifokewa mbele ya watu. Kufokewa huko mara moja kunatosha kuwafunga mdomo zamu nzima.

Kipengele kinachorukwa sana ni cha kila mtu kutaja jina na kazi yake, eti "tunafahamiana". Kisirukwe: aliyekwisha kutoa sauti mara moja huona wepesi kuitoa tena. Daktari naye asiulize "Kuna tatizo?", maana jibu ni "hapana" siku zote. Aulize, "Kwa mgonjwa huyu, nini kinaweza kutuharibikia?" Aanze na mdogo kuliko wote, kwa jina, kisha asubiri bila kumjibia. Akipingwa, hata kama yeye ndiye aliye sahihi, neno la kwanza liwe "Asante, tuhesabu tena."

Muuguzi aseme alichokiona: "Daktari, gozi zilikuwa 10, nahesabu 9." Asiposikilizwa: "Daktari, naomba tusimame kwanza." Uongozi utangaze kwamba kauli hiyo inasimamisha kazi, na anayeitoa haadhibiwi hata akiwa amekosea.

Waganga wafawidhi mnaoongoza hospitali, msisifie idara ambayo daftari lake la kuripoti makosa na ajali ni tupu. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alikuta wodi zenye uongozi mzuri zikiripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa watu hawakuogopa kuyataja. Fomu ya kuripoti iulize nini kilitokea, saa ngapi, na kifaa gani kilikosekana; sehemu ya "nani amesababisha" iondolewe. Anayekuja kazini amelewa au anayeghushi kumbukumbu za mgonjwa ana utaratibu wake wa nidhamu, na usichanganywe na huu.

Wakufunzi wa uuguzi,
Morogoro