Risala ya Idara ya Upasuaji kwa Mgeni Rasmi: Bingwa Bobezi wa Utumbo Mpana ni Nani na Anahitaji Nini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa; Mganga Mfawidhi; wakuu wa idara; ndugu wahitimu wa mafunzo haya; mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali kutufungia mafunzo haya ya huduma za utumbo mpana, puru (sehemu ya mwisho ya utumbo huo) na njia ya haja kubwa. Mezani kwako lipo ombi la hospitali hii kupatiwa bingwa bobezi wa eneo hilo. Kabla hujaliamua, tunaomba kukueleza mtu huyo amesomea nini, na ni mambo gani yakikosekana atageuka mpasuaji wa kawaida mwenye vyeti vingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa Tanzania safari yake huanza na miaka 5 ya shahada ya udaktari na mwaka 1 wa utarajali. Hufuata ubingwa wa upasuaji wa jumla, ama kwa shahada ya uzamili chuo kikuu, ama kwa njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho humfundisha daktari akiwa kazini hospitalini kwa miaka 5. Ubobezi wenyewe huja baada ya hapo, mwaka 1 au 2, na wengi bado huufuata nje ya nchi. Marekani nako hesabu haiko mbali: miaka 5 ya upasuaji wa jumla, kisha 1 wa utumbo mpana na puru. Fani hii si mpya. Hospitali ya St Mark's ya London ilianzishwa na Frederick Salmon mwaka 1835 kwa ajili ya maskini wenye fistula (njia ya usaha inayotoboka kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye ngozi) na maradhi mengine ya puru, maradhi ambayo wagonjwa waliona haya kuyataja. Haya hiyo ingalipo, na ndiyo inayotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa.

Swali linaloulizwa kwenye vikao ni hili: utumbo si utumbo tu, mpasuaji wa jumla hatoshi? Kwa sehemu kubwa ya utumbo mpana, wenye urefu wa mita 1.5 hivi, mara nyingi anatosha. Tofauti iko kwenye sentimita 15 za mwisho. Puru imejibana ndani ya nyonga, na nyonga ya mwanamume ni nyembamba zaidi. Imezungukwa na mafuta yenye tezi za limfu, yote yakiwa ndani ya utando mwembamba. Mwaka 1982 Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza kwamba saratani ya puru ikiondolewa pamoja na mfuko huo wa mafuta ukiwa mzima, haurudi uvimbe palepale kwa urahisi. Mpasuaji akiuchana utando, anaacha mbegu za saratani. Akitoka nje yake sana, anakata mishipa ya fahamu iliyo milimita chache pembeni, na mgonjwa anaamka hawezi kukojoa, au mwanamume anapoteza nguvu za kiume. Kulijua tabaka hilo kwa macho na kwa mkono ndiko kunakomchukua mwaka mzima wa ubobezi, na hakusomwi kitabuni.

Chini ya puru kuna mfereji wa sentimita 3 hadi 4 wenye misuli miwili ya kubana haja: wa ndani unaojiendesha wenyewe, na wa nje tunaouamuru. Katikati ya mfereji upo mstari unaogawa hisia. Juu yake mgonjwa hasikii maumivu ya kukatwa, chini yake anasikia kila kitu. Ndiyo maana bawasiri ya ndani hufungwa kwa mpira juu ya mstari bila nusu kaputi, na mpira ukiwekwa chini yake mgonjwa hupiga kelele papo hapo na ni lazima utolewe. Fistula nayo ina mtego wake. Inayopita chini ya misuli hupasuliwa ikapona. Inayovuka sehemu kubwa ya misuli ikipasuliwa hivyohivyo, mgonjwa anapoteza uwezo wa kuzuia haja. Bingwa hupitisha uzi uitwao setoni ndani ya fistula na kuuacha humo, usaha ukatoka, kisha akapanga hatua ya pili. Fistula iliyoharibiwa na haraka ni ngumu kuliko ile aliyokuja nayo mgonjwa.

Hapa tunaomba kusema wazi, Mheshimiwa. Kosa kubwa tunaloliona halitokei chumba cha upasuaji. Linatokea pale mgonjwa anayetoka damu anapopewa dawa ya kupaka ya bawasiri, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kuvaa glavu. Kidole chenye jeli hufika sentimita 8 hivi, na saratani nyingi za puru ya chini ziko ndani ya umbali huo. Kipimo hicho hakihitaji umeme.

Ukishakatwa utumbo huungwa. Maungio hupona yakiwa na damu ya kutosha na yasipovutwa. Yakikosa kimojawapo huvuja, hata kama mshono ni mzuri wa kupigiwa picha. Maungio ya puru hujaribiwa mezani: nyonga inajazwa maji, hewa inapulizwa kutoka chini, mapovu yakitokea kuna tundu. Kuvuja hujitokeza sana kati ya siku ya 5 na ya 7, na mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya moyo kwenda mbio kabla tumbo halijakakamaa. Muuguzi anayeandika mapigo kila saa 4 bila kuyabuni ameokoa wengi. Maungio yakiwa chini sana, bingwa hutoa utumbo mwembamba nje ya tumbo kwa muda, kupitia tundu liitwalo stoma, ili haja itokee humo na kuingia kwenye mfuko. Hilo halizuii kila uvujaji, ila linapunguza madhara yake.

Mahali pa stoma hiyo huchorwa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa amelala, amekaa na amesimama, mbali na mikunjo, makovu na mkanda wa suruali, na mahali anapopaona mwenyewe. Ncha ya utumbo mwembamba huachwa imechomoza sentimita 2 hadi 3, kwa kuwa majimaji yake huchoma ngozi. Tundu la mfuko hukatwa likiwa pana kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu, na mfuko humwagwa ukifika theluthi. Stoma ikitoa zaidi ya lita 1.5 kwa siku, figo ziko hatarini, na kumhimiza mgonjwa anywe maji matupu kunamwongezea upotevu wa chumvi. Anahitaji ORS, maji yenye chumvi na sukari.

Kwa dharura, Afrika Mashariki ina ugonjwa wake: kujisokota kwa sigmoidi, kipande cha utumbo mpana kilicho juu ya puru. Kama hakuna dalili ya utumbo kuoza, hewa hutolewa kwa mrija kupitia njia ya haja, kisha kipande hicho kikatwe kwenye kulazwa huko huko, maana mgonjwa akiruhusiwa tu kwenda nyumbani mara nyingi utumbo hujisokota tena. Ukiwa umeoza, hufanywa upasuaji wa Mfaransa Henri Hartmann wa mwaka 1921: kukata, kufunga kisiki cha puru, na kutoa ncha ya juu nje.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu yanatokana na hayo. Tunaomba kolonoskopi, mashine yenye kamera ya kutazama ndani ya utumbo mpana, pamoja na fundi wa kuisafisha, kwani mashine isiyosafishwa ipasavyo hubeba maambukizi. Tunaomba makubaliano ya kipimo cha picha cha MRI na hospitali ya rufaa, ili saratani ya puru ipimwe kabla ya kuamua mionzi au kisu. Tunaomba mwanapatholojia, daktari anayechunguza vipande vilivyokatwa, mwenye muda wa kutafuta tezi za limfu zisizopungua 12 katika kila kipande cha saratani. Pungufu ya hapo hatuwezi kuamini jibu kwamba haijasambaa. Tunaomba muuguzi mmoja wa stoma asiyehamishwa kila robo mwaka, na mifuko iingizwe kwenye bajeti ya dawa, kwa sababu leo ndugu wa mgonjwa wanajinunulia, na wanaoshindwa hufunga mifuko ya plastiki. Vitu hivi vikianza kufika kabla ya bingwa, hata wapasuaji waliopo watafanya kazi bora wakimsubiri.

Tunaomba kuwasilisha.

Madaktari na wauguzi wa Idara ya Upasuaji