Matangazo ya ruzuku yatueleze na gharama ya kuomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matangazo ya ruzuku kwa asasi ndogo na vikundi vya kijamii, ambayo mmekuwa mkiyachapisha mara kwa mara. Mimi ni mhazini wa kikundi cha kujitolea kinachowatembelea wazee wanaoishi peke yao. Tuko wanachama 28, hatuna ofisi wala mwajiriwa hata mmoja, na matangazo hayo tunayasoma kwa hamu. Malalamiko yangu ni kwamba tangazo likishataja kiasi cha fedha na siku ya mwisho ya kupokea maombi, hunyamaza kuhusu jambo ambalo kikundi kidogo kinapaswa kulijua kabla ya mengine yote, nalo ni gharama ya kuomba kwenyewe.

Nieleze kwa mfano wa mwaka jana. Mimi na katibu wetu, baada ya kazi zetu za mchana, tulikaa jioni 11 mfululizo tukijaza fomu ya mfadhili mmoja. Kila jibu lilipaswa kuingia katika kisanduku kisichopokea zaidi ya herufi 1,500, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Jibu letu kuhusu wanufaika lilizidi, tukaanza kupunguza, na tulipomaliza nikagundua kwamba tuliyemtoa ni bibi mmoja asiyeona, ambaye huzijua siku za juma kwa mlio wa viatu vya mgeni wake wa siku hiyo, na kwamba vilivyobaki ni viashiria, matokeo na mpango wa ufuatiliaji na tathmini. Baada ya miezi mitatu tulijibiwa kwa mistari miwili kwamba, kutokana na wingi wa maombi, hatukufanikiwa. Baadaye kikundi kingine kikatuonyesha, katika kiambatisho cha mwisho cha mwongozo, sharti la hesabu za miaka miwili zilizokaguliwa na mkaguzi anayetambuliwa. Sisi tulikuwa na daftari, risiti na mihtasari ya vikao. Tulikuwa tumeshakosa kabla hatujaandika herufi ya kwanza. Kosa la kutosoma hadi mwisho ni letu na ninalikubali, lakini sharti linalomwondoa mtu mlangoni lingeandikwa mlangoni.

Wapo wafadhili wanaoweka mambo hadharani. Mwaka 2023 mfuko wa tajiri MacKenzie Scott nchini Marekani ulifungua wito kwa asasi zenye bajeti ya kati ya dola milioni 1 na milioni 5 kwa mwaka, ambazo huko huhesabiwa kuwa ndogo. Yalipokelewa maombi 6,353, na Machi 2024 zikatangazwa asasi 361 zilizopata jumla ya dola milioni 640, bila fedha hizo kufungwa kwenye shughuli moja maalumu. Katika hatua ya kwanza waombaji wenyewe ndio waliopima maombi ya wenzao. Nasifu uwazi huo, na hapohapo naomba wasomaji watazame upande wa pili wa hesabu: waombaji 5,992 walirudi mikono mitupu. Tukikadiria kwamba kila mmoja alitumia saa 20 tu, ambazo kwa uzoefu wangu ni chache, tunazungumzia karibu saa 120,000 za watu ambao kazi yao si kuandika maombi. Anayejua kwamba hupata mmoja kati ya kila 17 au 18 anaweza kuamua kwa akili timamu kama ajaribu au jioni zake azipeleke kwa wazee.

Jambo linaloniumiza zaidi ni gharama za uendeshaji. Matangazo mengi husema kwamba mfadhili hatalipia mishahara, kodi ya pango wala nauli, kana kwamba blanketi hutoka ghalani na kwenda lenyewe kitandani kwa mgonjwa. Mtaalamu mmoja wa kuandika maandiko ya miradi aliwahi kunishauri nauli za wanachama nizifiche katika kifungu cha mafunzo. Nilikataa, na andiko lile halikupita. Serikali ya Marekani, katika ruzuku zake, imekubali ukweli huu kwa kiasi fulani: asasi isiyo na kiwango maalumu cha gharama hizo kilichoafikiwa na serikali iliruhusiwa kudai nyongeza ya asilimia 10 ya gharama za mradi wenyewe, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 15. Kwa upande wa misaada ya dharura, mwaka 2016, katika mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu jijini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha zao ziwafikie wahudumu wa nchi na maeneo husika kwa njia ya moja kwa moja iwezekanavyo. Mwaka huo ulifika na lengo halikufikiwa. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba vikundi vidogo havina uwezo wa kutunza hesabu. Nami huuliza uwezo huo utatoka wapi ikiwa hakuna anayekubali kumlipa mtunza hesabu.

Haki itendeke pande zote. Wafadhili wameumwa na nyoka. Vipo vikundi vilivyopokea fedha vikatoweka pamoja na mwenyekiti wake. Na sisi wengine tuna tabia ya kugeuka kila upepo unapogeuka: leo kikundi ni cha wazee, kesho kikisikia kuna fedha za mazingira kinaandika kwamba lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kupanda miti. Sioni, hata hivyo, kwamba fomu ndefu inamzuia mwongo. Mwongo ana muda wa kuijaza.

Ombi langu kwako, Mhariri, halihitaji mfadhili yeyote abadilike. Kabla ya kuchapisha tangazo, muulize aliyelileta: mwaka uliopita waliomba wangapi wakapata wangapi, sharti lipi humwondoa mwombaji mara moja, kama gharama za uendeshaji zinaruhusiwa, na kama andiko fupi la awali linatosha kabla ya fomu kamili. Muulize pia kama fedha hutangulia au kikundi hutumia zake kwanza kisha kikarejeshewa, kwa sababu kikundi kisicho na akiba hakiwezi kuingia katika ruzuku ya namna hiyo hata kikipewa barua ya pongezi. Asiyejibu, chapisheni kwamba hakujibu.

Tangazo mlilochapisha wiki iliyopita limeshakatwa na kubandikwa katika daftari letu la vikao. Pembeni yake katibu ameandika kwa kalamu nyekundu: “Fedha zinatangulia au zinafuata?” Tutakutana Jumamosi kuamua kama tuombe, na mpaka sasa hatujapata wa kutujibu.

Wako,
Mhazini wa kikundi cha kujitolea
(Jina na anwani vimehifadhiwa)