Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kitovu kisikatwe haraka, na mama asisahaulike akishajifungua

Mheshimiwa Waziri wa Afya, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu hili ni jambo la kila mama anayeingia leba, na sehemu yake kubwa inaweza kurekebishwa kwa waraka mmoja tu kutoka ofisini kwako, bila kusubiri bajeti ijayo. Ni kuhusu madini ya chuma, ya mama na ya mtoto mchanga. Mimi ni mama wa njiti (mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia) kwa hiyo nimelazimika kulifuatilia hili kwa karibu.

Mtoto akiwa tumboni anajiwekea akiba ya chuma kutoka kwa mama yake, na sehemu kubwa anaipata miezi 3 ya mwisho, ndo maana njiti anazaliwa akiba haijatimia hata kama mama yake alikula vizuri na kliniki hakukosa. Mimba nzima inadai karibu miligramu 1,000 za chuma, kama 300 hivi zinaenda kwa mtoto na kondo, na kina mama wengi wanabeba mimba tayari wameshapungukiwa maana kuna hedhi za kila mwezi na kuna wanaozaa kwa kufuatanisha. Mwili unajitahidi kumpendelea mtoto ila una mwisho wake, mama akipungukiwa sana na mtoto naye anazaliwa na akiba ndogo.

Na akiba hiyo ndo anaitegemea kwa karibu miezi 6 kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo, ingawa hicho kidogo mwili wa mtoto unakifyonza vizuri. (Jamani asije mtu akaelewa napinga kunyonyesha, hapana kabisa, mtoto anyonye miezi 6 bila kupewa kitu kingine, nachosema ni kwamba inatakiwa azaliwe na akiba yake ya kutosha.) Chuma kikiwa kidogo mwili wa mtoto unakipeleka kwanza kwenye damu, ubongo unasubiri, kwa hiyo ubongo unaweza kukosa chuma wakati kipimo cha damu bado kinasoma vizuri na kila mtu anakwambia mtoto hana shida. Miezi hiyo ndo ubongo unajengwa kwa kasi, na akikosa wakati huo baadhi ya madhara kwenye kujifunza na tabia yanaweza kubaki hata ukija kumpa dawa baadaye. Hapa ndo roho inaniuma Mheshimiwa.

Sasa kitovu. Mtoto akishatoka, kwenye kondo kunakuwa kumebaki damu yake, ni ya mtoto siyo ya mama, na inaendelea kumuingia kwa dakika chache kupitia kitovu. Ukisubiri dakika 1 anapata kama mililita 80, ukifika dakika 3 zinakuwa kama 100, na mtoto aliyetimiza miezi yake anaongezewa miligramu kama 40 hadi 50 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake, wakati alizaliwa na kama 75 kwa kilo. Yaani ni nyongeza ya zaidi ya nusu ya alichokuja nacho, bure, hakuna cha kuagiza wala cha kununua! Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza zamani kwamba kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1, wasubiri mpaka 1 hadi 3, na njiti naye asubiriwe, labda tu mtoto awe anahitaji kusaidiwa kupumua haraka. Muda huo mtoto anafutwa, anafunikwa, analala kifuani kwa mama, na ile sindano ya kuzuia mama asitokwe damu inachomwa kama kawaida. Kuna watoto wanaosubiriwa hivyo halafu wanapata manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) kiasi cha kuhitaji kuwekwa kwenye taa, kwa hiyo waangaliwe, lakini hiyo siyo sababu ya kumnyima mtoto damu yake mwenyewe.

Tatizo leba zimejaa, wakunga wachache, mkono umeshazoea kubana na kukata palepale, siwalaumu. Ndo maana naomba kitu kimoja ambacho hakiongezi kazi: muda wa kubana kitovu uandikwe kwenye fomu ya kujifungua, kama unavyoandikwa uzito na saa ya kuzaliwa, na anayekuja kukagua wodi auulizie. Sehemu nyingi hauandikwi kabisa kwa hiyo hakuna anayejua wangapi walisubiriwa na wangapi hawakusubiriwa.

La pili ni mama. Akiwa mjamzito anapewa vidonge vya miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na foliki asidi, sawa, lakini haambiwi kwamba choo kitakuwa cheusi na kinaweza kuwa kigumu na kichefuchefu kinaweza kuja, akiona hivyo anaogopa anaacha, halafu kliniki wanaandika amepewa. Kupewa siyo kumeza. Mwelezeni, akishindwa kabisa kumeza kila siku kuna utaratibu wa mara moja kwa wiki kwa dozi kubwa zaidi ambao unakubalika kwenye maeneo ambayo wajawazito wenye upungufu wa damu siyo wengi, basi muuguzi aruhusiwe kuujadili naye.

Akishajifungua ndo anasahaulika kabisa, wote tunaangalia mtoto, wakati yeye katoka kupoteza damu na ananyonyesha usiku na mchana, kizunguzungu na kuchoka kunaitwa uzazi tu. Kwenye maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu kwa wajawazito inashauriwa aendelee na chuma wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Naomba vidonge hivyo apewe mkononi siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani, asiambiwe akatafute, na aliyetokwa damu nyingi apimwe kwanza kabla hajaruhusiwa.

Nasubiri jibu lako Mheshimiwa, na waraka ukitoka naomba nakala yake ibandikwe ukutani leba, mahali ambapo hata mama aliyelala kitandani anaweza kuusoma.