Kompyuta ikikosa Wi-Fi, ruta isilaumiwe kwanza

Mhariri,

Kompyuta mpakato inapokosa intaneti nyumbani, wengi huizima ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, na kuiwasha tena bila kutazama kwanza iwapo simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo hiyo inapata mtandao, ilhali ikiupata, tatizo kwa kawaida limo ndani ya kompyuta yenyewe. Mara nyingi hutosha kuufuta mtandao huo wa Wi-Fi katika orodha ya mitandao iliyohifadhiwa kwenye kompyuta na kuingiza nywila upya. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, inayoanza na 169.254 huashiria kuwa kompyuta haikupewa anwani na ruta. Aidha, masafa ya mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 5, ingawa yana kasi zaidi, hupenya kuta kwa shida kuliko ya GHz 2.4, jambo ambalo baadhi ya mafundi, kwa mshangao wangu, hawalitaji kabla ya kupendekeza kifaa kipya.

Msomaji wenu