Vigango visiwe mapambo ya hoteli

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala hapa Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, na ni Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda wa Pwani. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo mafundi wenzangu wa Malindi, Watamu na Mtwapa wanalijua vizuri, ila halisemwi hadharani. Wenye nyumba za kifahari za ufuoni na mameneja wa hoteli wanatuagiza tuwachongee vigango, yaani mbao za kuchonga ambazo sisi husimamisha kuwakumbuka wazee wetu waliokufa. Wanavitaka vya kupanga kando ya bwawa la kuogelea au langoni, mgeni akishuka garini ajue amefika Pwani. Juzi nililetewa kazi ya namna hiyo pamoja na picha ya kigango cha kweli kwenye simu, ninakili kila kitu. Malipo yalikuwa mazuri. Nilikataa.

Kigango husimamishwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekufa, na si kila mtu. Ni mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama ambacho mtu aliingia kwa kutoa ada na kuwalisha wenzake. Marehemu wengine huwekewa koma, vigingi vifupi tu. Mara nyingi ni mzee mwenyewe anayekidai: anamjia mwanawe ndotoni, au maradhi hayaishi mjini, yaani kwenye boma la familia, na mganga akishaagua ndipo mchongaji anaitwa. Pombe ya mnazi humwagwa, kuku huchinjwa. Kikishasimama haking'olewi. Hata watu wakihama, chenyewe hubaki pale pale mpaka mvua na mchwa wakimalize.

Kitazame kwa karibu uone kwamba huo ni mwili wa mtu. Ni ubao mmoja mzima, mwembamba, na vingine hupita kimo cha mwanamume. Juu kuna kichwa, mara nyingi cha duara chenye macho na pua. Mikono hakina, miguu hakina. Kiwiliwili hujazwa pembetatu ndogo ndogo, safu chini ya safu, zikatiwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na shingoni hufungwa vitambaa. Babu yangu mzaa mama ndiye aliyenifundisha kuzichimba pembetatu hizo. Unakata pande mbili kwanza, wima, halafu upande wa tatu unalaza patasi, na kibanzi kinatoka kizima. Ukikosea pembe moja safu nzima inapinda, na hakuna njia ya kuirekebisha. Babu alikuwa hasemi na mtu akiifanya kazi hiyo. Ndiyo maana siwezi kuifanya kwa oda ya mtu anayetaka kitu cha kupigia picha akiwa na glasi mkononi.

Najua wapo watakaosema nakala haimdhuru mtu. Inadhuru, na historia yetu wenyewe inaonyesha hivyo. Tangu miaka ya 1970 vigango vimekuwa vikiibwa mijini mwetu usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa na kusafirishwa hadi Marekani, vikaingia majumbani mwa matajiri na kwenye makumbusho. Huko walivipenda kwa uzuri wake. Hakuna aliyeuliza ni baba wa nani. Nakala zikizagaa kila hoteli, mwizi anazidi kupata pa kujificha: akikamatwa na kigango cha watu kwenye gari, atasema ni pambo anapeleka ufuoni, na askari hana la kumjibu.

Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa upande huu wetu wa Kaloleni akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 mtafiti huyo alikiona kimoja kwenye picha zilizoonyeshwa katika mkutano wa wasomi huko Marekani. Kilikuwa katika makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa. Kilichovirudisha ni ile picha tu. Bila picha hakuna ambaye angeweza kuthibitisha lolote.

Linganisha na vile 30 ambavyo jumba la makumbusho la Denver lilitangaza mwaka 2014 kwamba litavirejesha Kenya. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini walioviuza hawakuandika viling'olewa mji gani, na mzee asiyejulikana mji wake utampeleka wapi? Jambo hili linaniuma kuliko wizi wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni imezipa kaunti jukumu la kusajili mambo haya. Itumieni. Makaya yetu, misitu mitakatifu ya Mijikenda, yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na hilo ni jema, lakini kigango husimama mjini mwa watu, nje ya misitu ile, kwa hiyo ulinzi wa kaya haukifikii. Kila kilichobaki kipigwe picha, kiandikwe jina la marehemu na la mji, kwa idhini ya wenyewe. Orodha hiyo isibandikwe mtandaoni, maana itakuwa ramani ya wezi. Ikae kwa wazee, kwa kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa.

Wenye hoteli nawaambia kwa heshima: mkitaka majengo yenu yaonekane ya Mijikenda, njooni tuwachongee milango, vitanda na nguzo za baraza. Zile pembetatu ni zetu sote na tunajivunia zionekane. Nimezichonga hata kwenye kibao cha jina la shule. Tuachieni wazee wetu.

Mimi na mafundi wenzangu wa hapa tuko tayari kuwatembeza maafisa wa kaunti bila malipo, kuanzia Kaloleni kuelekea Ganze. Miji yenye vigango tunaijua, na wenyewe wanatujua. Waje kabla ya mvua za masika, maana njia zikishakatika hatutafika popote.

Fundi seremala,
Kaloleni, Kilifi