Si kila kipele usoni ni chunusi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na matabibu wenzangu. Mwaka jana alikuja mama muuza vitumbua, vipele vimemjaa mashavuni na puani. Nilikuwa mtu wa nne kumwambia ni chunusi. Akanijibu, "Daktari, nikiinamia jiko uso unawaka kama nimepakwa pilipili." Nikamtazama upya. Hakuna hata chunusi moja yenye kichwa cheusi, na macho yanamkereketa. Ilikuwa rosasea, ugonjwa wa muda mrefu wa ngozi ya uso unaoleta wekundu, kuchoma na vipele vinavyofanana na chunusi.

Tumezoea picha za Wazungu wenye mashavu mekundu, ndiyo maana inatupita. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo muulize mgonjwa kama uso humchoma akiwa juani, jikoni au akinywa chai ya moto.

Kwenye pochi alikuwa na krimu ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) aliyouziwa bila cheti. Hizo hutuliza siku chache, ukiacha uso unalipuka! Tulimwachisha, tukampa jeli ya metronidazo ya kupaka na, baada ya kuhakikisha hana mimba, antibiotiki ya kumeza iitwayo doksisaiklini, pamoja na kofia pana. Haijaisha kabisa, lakini vitumbua anakaanga.

Tabibu, Morogoro