Tunaowajua transjenda ndo tuseme

Mbukwenyi mhariri. Nimefuatilia barua za wasomaji wenu kuhusu watu wanaoishi kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa wakizaliwa, hawa tunaowaita transjenda, na kinachoniuma ni kwamba karibu wote wanaoandika wanawasema watu ambao hawajawahi hata kunywa nao chai. Mimi mmoja alipanga chumba kwangu hapa Dodoma, mtaa sitaji wala kazi yake maana mji huu mnajua habari inavyotembea, vyeti vyake vinasema mwanaume ila yeye anaishi kama mwanamke na nyumba nzima tulimwita dada.

Malaria ikimshika alikuwa haendi zahanati, anatuma mtoto duka la dawa, kwa sababu pale dirishani wanaita jina la kiume kwa sauti na benchi zima linageuka. Laini ya simu nayo unasajili kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, sasa akienda kutoa hela wakala anasoma jina, anamwangalia, anasoma tena, kuna siku kaambiwa kabisa hii laini umeiba. Zamani huu mjadala kwangu ulikuwa wa maandiko na mambo ya wazungu basi, siku hizi mtu akianza kubishana mi namuuliza, huyu akiumwa akatibiwe wapi?

Siyo kwamba nakubali kila kitu, mi mwanakwaya na kwenye michezo ya wanawake kwa mfano nina maswali mengi tu. Ila nayauliza kwa adabu, nyumba zetu hizi kuta hazifiki juu, chumba cha pili kuna mtu anasikia.

Na siyo mimi peke yangu. Marekani kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza watu 2022, asilimia 44 wakasema wanamjua transjenda, na hao ndo walikuwa wepesi zaidi kukubali kwamba mtu anaweza asiwe vile alivyoandikiwa akizaliwa. Halafu kuna utafiti wa Miami hukohuko Marekani uliochapishwa 2016, watu walipita nyumba kwa nyumba wakaongea na wenyeji kuhusu transjenda dakika kama 10 tu, chuki ikapungua na miezi 3 baadaye ilikuwa haijarudi, na haikujalisha anayebisha hodi ni transjenda mwenyewe au siye. Hapo ndo paliponigusa, kwa sababu huku kwetu wenyewe hawawezi kujitokeza. Tunakumbuka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar alivyotangaza msako wa mashoga, serikali ikasema ule ni msimamo wake binafsi, sawa, lakini mtaani nani anatofautisha shoga na transjenda, wote walijifungia ndani.

Kwa hiyo mama zao, wenye nyumba, tunaofanya nao kazi, inabidi tuongee sisi. Mhariri mkiandaa tena huo mjadala mtafuteni mama aliyemzaa mtoto wa hivi mumpe ukurasa mzima, jina lake mlifiche na picha msiweke, na barua yake muitoe kabla ya za hao wengine.

Mwenye nyumba,
Dodoma